Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana Masindi. Tunajua shughuli zako ni nyingi. Kufika kwako ni heshima kubwa kwetu.

Klabu hii ilianza na wanachama 7 chini ya mwembe. Leo tuko 40, tuna kabati la vielelezo ambalo hakuna shule jirani iliyo nalo, na tumeanza utafiti wa mayai ya mjusi wa ukutani.

Kwa nini mjusi? Mheshimiwa, uso wake, wa mamba wa hapo kwenye maporomoko ya Murchison na wa mtoto wa binadamu huanza kwa njia moja. Seli hutoka pembezoni mwa ubongo unaochipuka, husafiri hadi mbele ya kichwa na kufanya vinundu. Vinundu vikiungana hutokea pua, mdomo na taya. Visipoungana, mtoto huzaliwa na mdomo uliopasuka. Hata mifupa miwili ya kiungo cha taya la mjusi, kwetu imekuwa vifupa viitwavyo nyundo na fuawe ndani ya sikio. Mjerumani Reichert alilieleza hilo mwaka 1837 kwa kulinganisha viinitete, yaani viumbe vinavyoanza kuumbwa kabla ya kuzaliwa au kuanguliwa. Na kwa kuwa mjusi hukulia ndani ya yai, nje ya tumbo la mama, hatua hizo zinaweza kufuatwa siku kwa siku.

Sisi tumeshindwa kuzifuata. Vinundu hivyo ni vidogo kuliko punje ya ulezi, na lenzi yetu ya mkono huonyesha doa jeusi la jicho tu. Mwenzetu ambaye mdogo wake alizaliwa na mdomo uliopasuka aliomba aone mahali panapoungana. Tulimwonyesha picha ya kitabuni.

Mheshimiwa, mwaka juzi, hapa hapa, mgeni wetu aliahidi hadubini 5. Tulishangilia, wazazi wakachanga mbao, tukatengeneza meza 5. Tumeandika barua 3 za kukumbusha, bila jibu. Meza hizo ndizo ulizozikuta zimepangwa soda.

Leo hatuombi 5. Tunaomba hadubini moja ya macho mawili, ya kutazamia kiinitete kizima, pamoja na taa ya sola, maana umeme hukatika. Tunakusihi, utakapojibu, ututajie na tarehe, katibu wetu aiandike wazazi wakisikia.

Ahsante sana.

Kamati ya Klabu ya Baiolojia