Ahsante, fundi wa Utende

Kaka, jina lako sikulipata. Nilipouliza ulisema "andika fundi tu". Basi fundi, ahsante sana.

Mashine ya boti yangu, ya farasi 15, iliganda katikati ya mkondo wa Kinasi, huku Mafia. Kosa ni langu: niliona haikojoi maji, yaani maji ya kuipoza hayatoki, nikajiambia tufike Chole kwanza. Impela, ile ya kusukuma maji ya kupoza, imelika, pistoni imenata kwenye silinda, kamba haivutiki hata kwa watu 2. Ulitukokota hadi Utende bila kudai hata lita ya petroli.

Nilipopata mashine ya 40, iliyotumika, nilitaka kuipachika siku hiyo hiyo. Uligonga tezi, ubao wa nyuma ya boti unaobeba mashine, kwa ngumi, ukasikiliza, ukakataa. "Hii ni karibu mara 2 ya uzito wa ile, itaondoka na ubao wako." Ukashinda juani siku 2 ukiongeza mbao za mninga, kisha ukapima bamba la juu ya propela mpaka likalingana na chini ya boti.

Ulikubali chai tu, na chapati 3.

Jana nimevuka Kinasi maji yakienda kasi, na inakojoa vizuri. Shemeji yako anauliza: pweza au changu?