Barua ya wazi kwa Waziri wa Kaunti ya Kisumu anayesimamia elimu na mafunzo ya ufundi

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kuhusu vijana viziwi wasioona wanaokaribia kumaliza shule ya upili. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliiachia serikali ya kitaifa shule za upili na kuzikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Kijana huyu huanguka katikati. Mwalimu aliyemzoea hubaki shuleni, na chuo humpokea bila mtu hata mmoja anayejua kumsalimu.

Kumsalimu kuna utaratibu wake: unamgusa bega polepole, unasubiri aushike mkono wako, kisha unampa ishara ya jina lako. Ukimvuta ghafla atajikunyata, na mkufunzi ataandika kwamba ni mkaidi.

Maandalizi yaanze miaka miwili kabla hajamaliza, si muhula wa mwisho. Aende na kijitabu cha kurasa chache: anaelewa ishara zipi, anaona nini na kwa umbali gani, hupewa kitu gani mkononi kabla ya kila shughuli. Aliyezoea kupewa kipande cha uzi wa sweta kabla ya kwenda kufuma hujua anakoenda. Chuo kikimpa kitambaa badala ya uzi, atakaa pale pale akingoja, na watu watadhani hataki kazi. Apelekwe chuoni mara kadhaa kabla ya muhula kufunguliwa, ajifunze njia ya lango, karakana na choo kwa fimbo nyeupe. Mashine zisihamishwe bila kumwonyesha.

Wakalimani wawe wawili. Katika ishara za mguso, mikono ya kijana hukaa juu ya ya mkalimani, na baada ya dakika 20 hivi mabega huchoka, ishara hulegea. Mkalimani akiwa mmoja kutwa nzima, kufikia saa tano asubuhi kijana anapata nusu ya somo.

Lipo jambo linalotuuma zaidi. Wapo waliozaliwa viziwi ambao macho huanza kufifia utotoni au wakibalehe, kwanza gizani, kisha pembeni, hadi wanaona kama wanaochungulia ndani ya bomba. Hali hii huitwa Usher. Jioni kijana hujikwaa kwenye madawati, naye huambiwa ni mzembe. Herufi za ukutani za kupimia macho anaweza kuzisoma vizuri, kwa hivyo kipimo hicho hakitoshi. Wanafunzi wa shule za viziwi wapimwe pia uoni wa pembeni kila mwaka. Breli na fimbo afundishwe angali anaona kidogo, na ufundi atakaochagua uwe ule ambao vidole vinaweza kuufanya peke yavyo.

Kitambulisho na usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu vishughulikiwe kabla hajaondoka shuleni, mkalimani akiwepo.

Tunaomba umteue afisa mmoja wa kaunti aketi na shule na wazazi katika kikao cha kwanza cha mpango wa kila kijana, na awe yeye anayempokea siku ya kwanza chuoni.

Wako,
Walimu na wazazi wa vijana viziwi wasioona, Kisumu