Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka Uliokwisha

Asalaam aleikum wanachama wenzangu. Vikao vimefanyika 9, mazoezi ya Jumatano yaliendelea, harusi 3 tulipiga na fidla imetengenezwa, haya mnayajua sina haja ya kuyarefusha.

Nije kwenye lile la usiku wa kumkumbuka Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, maana maneno yamezidi na mengine yamefika mpaka nyumbani kwangu. Ni kweli pesa ya mandari, shilingi 450,000, ndiyo tuliyotumia, na kamati ilipitisha, anaesema niliamua peke yangu siku ile hakuwepo. La pili ni bango la usiku huo. Niliandikisha "Siti, mwimbaji na mtunzi", basi wasapu ikawaka moto, eti mashairi yalikuwa ya wanaume wa kundi lake na mtu asiejua kusoma atatungaje. Jamani! Huyu bibi alizaliwa Fumba, kijijini Unguja, akiuza vyungu, kaingia mjini 1911, kafundishwa na Muhsin Ali kuimba Kiarabu, halafu ndio akaleta Kiswahili kwenye taarab. Nyimbo zilipikwa kwake mtaa wa Ng'ambo usiku kwenye mazoezi, habari ya mtaa inaingia mlangoni inatoka wimbo, huyu anatia neno, yule analitoa. Chukueni ule wimbo wa Kijiti: mwanamke mgeni kauliwa, muuaji, ndiye huyo Kijiti, katorokea bara, na mashahidi wanawake ndio waliofungwa. Mnataka kuniambia bibi mwenyewe alikaa kimya akisubiri apewe karatasi ambayo hata hawezi kuisoma? Sikatai akina Maalim Shaaban na Mbaruk wa kundi lake walikuwa na mkono wao, na mwaka 1928 walipokwenda Bombay kurikodi santuri walikwenda pamoja. Lakini neno mtunzi sikulifuta na silifuti.

Siku yenyewe sasa. Viti 80 nilikodi kwa jina langu, nikavibeba kwa gari yangu, mafuta yangu. Wakaja watu 19, na humo 4 ni wapiga ala na mmoja mlinzi. Santuri ya kwanza haijafika katikati umeme ukakatika, tukabaki kizani tunasikilizana tunavyokula sambusa, mpaka bibi mmoja mzee pale nyuma akaushika ule wimbo pale pale ulipokatikia akaumaliza wote kwa moyo, hakukosa hata beti. Wale waliokosa wamekosa hilo.

Ada: wanachama 64, waliolipa 21. Mapato yote 1,130,000, matumizi 1,215,000, ile iliyopungua nimeitoa mimi mfukoni na sijadai, naitaja tu ijulikane.

Mwakani Mungu akipenda tutajaribu kwenda Fumba kwenyewe, na mandari pia tutaona. Bango liko kwangu nyuma ya mlango, anaetaka kufuta lile neno aje na rangi yake, na ada yake ya miaka miwili.