Barua kwa mwanangu: mfalme akikuita mezani

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Mwanza, sisi huku wazima, mama yako kifua kimetulia na lile bati la jikoni nimeshalibadilisha kabla mvua hazijachanganya. Nimeamua kukuandikia maana jana kwenye simu ulikuwa mbiombio, mara bosi anakuita, mara uko kwenye gari la bosi, nikaona nikisema kwa simu utasikia nusu. Ila kuna kitu ulisema kimenikaa kooni. Ulisema yule mwenzako mliyeanza naye kazi siku moja, mliyepanga naye chumba, siku hizi hampigiani kabisa, ukamalizia "baba, ni wivu tu". Hilo neno wivu nimelala nalo mpaka alfajiri.

Sasa unakumbuka mjomba wako alipokuja kutoka Uingereza akaniachia lile boksi la DVD, ile tamthilia ya zamani ya Robin of Sherwood, ya 1984 mpaka 1986, ya wale watu wa msituni waliowekwa nje ya sheria, yaani ukishatangazwa hivo mtu yeyote anakuua na hakuna kesi. Mi naiangalia usiku mama yako akishalala. Nimefika mwisho wa msimu wa kwanza, kuna epsodi inaitwa The King's Fool, ilirushwa kwao Mei 1984, na tangu niione nimekuwa nikikuwaza wewe hata kabla hujapiga simu. Kiingereza chao neno hilo fool ni moja kwa mtu mjinga na kwa yule mchekeshaji aliyekuwa anakaa karibu na kiti cha mfalme, sisi tuna maneno mawili, na kwenye hii epsodi unahitaji yote mawili.

Iko hivi. Robin, yaani Robin Hood, kiongozi wa hao watu wa msituni, na wenzake wanamwokoa msafiri mmoja msituni, kumbe ni Richard mwenyewe, mfalme wa Uingereza, amerudi kutoka kifungoni. Mfalme anafurahi sana, anawasamehe wote, anawachukua mpaka ngome ya Nottingham, ileile ambayo sherifu wake, yaani mkuu wa eneo hilo kwa niaba ya mfalme, amekuwa akiwawinda kama swala, na leo wanakula mezani. Robin anaamini. Anaamini kabisa mwanangu, unamwona usoni, kijana aliyeishi kwa kulala chini ya miti leo mfalme anamwita kwa jina lake, na we ukiwa kijana ukaitwa hivo na mkubwa moyo lazima upae, simlaumu. Lakini wenzake wanaanza kuona kitu. Mfalme anataka hela. Anataka hela kwa ajili ya vita yake ya Normandy, huko Ufaransa, na huyu kijana anayependwa na wanavijiji ni mzuri sana kukaa naye mbele za watu. Wenzake wanamwambia, hasikii, wanaanza kumwondokea. Sio kwa wivu. Wanaondoka kwa sababu wameona na yeye hajaona.

Mwisho Robin anajitokeza kumwambia mfalme waziwazi kwamba watu wamechoka, hawana cha kulipa tena. Mfalme hagombi hata kidogo. Pembeni sasa anatoa amri kijana auawe, na kwenye kukimbia Marion, mke wa Robin, ndiye anayepigwa mshale, anabaki kidogo afe. Hapo nilizima nikatoka nje kukaa barazani.

Anayecheza mfalme ni John Rhys-Davies, yule mwenye mwili mkubwa na sauti nzito uliyemwona kwenye ile sinema ya pete, The Lord of the Rings, akiwa na ndevu na shoka. Nikaambiwa huyu mtu utoto wake ameukulia huku kwetu enzi za Tanganyika, baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, wakakaa Kongwa, Dar, Moshi na hapahapa Mwanza. Nilifurahi sana kusikia. Na anaicheza vizuri mno kwa sababu hamchezi mfalme kama mtu mbaya. Anacheka kwa dhati, ukimwona anampenda Robin unajua anampenda kweli. Hicho ndicho kilichonikosesha usingizi. Bosi wako naye anakupenda, sina shaka, we ni mtoto mzuri na una akili. Anakupenda na anakuhitaji kwa kazi fulani, hayo mawili yanakaa kwenye moyo mmoja bila kugombana.

Nikaenda kusoma historia yenyewe, nikakuta mfalme halisi ni hivohivo tu. Alitawala miaka 10, toka 1189 mpaka 1199, ndani ya hiyo miaka 10 nchini kwake alikaa kama miezi 6 yote kwa pamoja. Akaenda vita ya msalaba, wakati anarudi akakamatwa karibu na Vienna Desemba 1192, ikatakiwa fidia ya maki 150,000 za fedha, maki ni kipimo chao cha hela cha zamani. Watu wakatozwa robo ya mapato na mali zao, makanisa yakatoa vyombo vya fedha vya altareni, watawa wafuga kondoo wakatoa sufu yao. Machi 1194 anarudi, anaizingira Nottingham siku chache inasalimu amri, tarehe 29 akaenda kuutembelea msitu wa Sherwood na imeandikwa kwamba ulimpendeza sana. Mei akapanda meli kwenda vitani Normandy na hakurudi tena. Na sheria yake ya misitu ya 1198 ilikuwa anayeua paa wa mfalme anatobolewa macho. Huyo ndiye aliyeimbwa miaka yote kuwa mfalme mwema. Fikiria ule msitu uliompendeza, wa kwake kuwinda, mwenye njaa akichukua nyama anapoteza macho.

Kuna utenzi wao wa zamani sana wa Robin Hood, ulichapwa miaka ya 1500 mwanzoni huko, ndani yake mfalme anaitwa Edward na sio Richard, ila mambo ni yaleyale. Robin anaenda kukaa kwa mfalme, anakaa miezi 15, hela zote zinaisha, na watu wake wote wanaondoka wanabaki wawili tu. Siku moja anaona vijana wanacheza kulenga shabaha kwa upinde, anasimama anawaangalia, anaanza kujililia, maana yeye ndiye aliyekuwa mlengaji bora wa nchi nzima. Anaomba ruhusa ya siku 7 akasali kwenye kanisa lake dogo. Hakurudi miaka 22. Hapo kwenye kuwaangalia wale vijana nilisoma mara tatu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia, hata mama yako analijua nusu.

Wakati we una miaka mitatu nilikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, jina nakiacha. Tulikuwa tunadai ovataimu ya miezi mitano. Watu walikuwa wanakutana kwenye benchi la mama wa chai nje ya geti, benchi la ubao mrefu lenye msumari umechomoza upande wa kulia, ukikaa vibaya unachana suruali, sote tulikuwa tunajua pa kukaa. Pale ndipo mipango ilikuwa inapangwa, na mi nilikuwa msemaji wao kwa sababu niliandika vizuri. Bosi akaniita. Akaniuliza habari za nyumbani, akakutaja wewe kwa jina, sijui nani alimwambia. Baada ya wiki nikaitwa kwake kula, kuku mzima mezani na soda za baridi, akaniambia we ni mtu wa busara sio kama wale. Mwezi uliofuata nikapewa pikipiki ya kampuni. Nikawa nawaambia wenzangu subirini, mzee ana nia njema, nimeongea naye mwenyewe. Na sikuwa nadanganya, nilikuwa naamini kila neno, kama Robin alivoamini.

Fundi wa mashine, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, aliyekubeba mgongoni siku ulipoungua uji, akaniambia siku moja palepale kwenye benchi: "Ndugu yangu, siku hizi hela yetu unaipanda." Nikaiangalia ile pikipiki. Nikamjibu, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo, nikamwambia ana wivu.

Kesho yake nilipofika kwenye chai hakuna aliyenitukana. Walinyamaza tu. Sehemu yangu kwenye benchi walikuwa wameijaza, nikanywa chai nimesimama, na nikaendelea kunywa nimesimama miezi minne. Siku nilipokuja kuuliza kwenye kikao lini hela zitalipwa, mbele ya watu, bosi alicheka vizuri kabisa, akanipiga bega, akasema nimeuliza swali zuri. Wiki hiyohiyo pikipiki ikachukuliwa, mwisho wa mwezi kibarua kikaota nyasi. Ovataimu hakulipwa mtu. Na niliporudi kuwatafuta wale watu wa benchi nikakuta sina la kuwaambia.

Kwahiyo unaposema wivu, mwanangu, nakuomba uniambie vizuri. Alisema nini huyo kijana mara ya mwisho? Maneno yenyewe, sio maana uliyoyapa. Alikuambia unajipendekeza, alikuita chawa, au alikuambia kuna kitu bosi amekutumia kusema kwa wenzako na wewe ukasema? Maana hivyo ni vitu tofauti. Na kama kuna kitu umetumwa ukawaambie wenzako wasubiri, nataka kujua wanasubiri nini na tangu lini. Sikuambii uache kazi wala usipande gari la bosi, gari panda. Nakuuliza ni nani anakuambia ukweli huko siku hizi kama sio yule.

Kwenye hii tamthilia kuna mmoja anaitwa Nasir, Msarasini, ndivyo Wazungu wa zamani walivyowaita Waislamu, mwenye panga mbili, haongei karibu neno, mi ndiye nampenda kuliko wote. Mjomba wako kaniambia huyo mtu alipangwa afe kwenye hadithi ya kwanza tu aishie hapo, ila aliyemcheza, Mark Ryan, wenzake kazini walimpenda mno wakataka abaki, ndo akabaki mpaka mwisho. Aliyeshika kalamu alishamuua, wenzake wakamrudisha. Mi nilibaki na kalamu ya bosi peke yake.

Jumamosi iliyopita nilichukua ile laptop ya dada yako nikaenda kwa fundi. Miaka zaidi ya ishirini sijawahi kuingia kwake, tunasalimiana sokoni basi. Amezeeka, goti linamsumbua. Nikamwambia kuna kitu nataka tukiangalie wote, hakuniuliza ni nini. Tukaangalia ile epsodi toka mwanzo mpaka mwisho, mi namtafsiria, nilipofika pale wenzake Robin wanapomwondokea sauti ikanikwama sikuweza kutafsiri. Yeye akasema "naelewa, endelea." Ilipoisha alikaa kimya sana, halafu akauliza kama ni kweli yule mfalme alikulia Mwanza hii. Nikamwambia ndiyo, akiwa mtoto. Akamwita mkewe alete chai.

Desemba ukija njoo na huyo mwenzako. Nauli yake mi ntatuma.

Baba yako.