Barua ya wazi kwa vijana wanaotafuta bakteria wapya kwenye tope la ziwa

Wanangu,

Juzi nilikaa ukumbini nikamsikiliza kijana mwerevu akitangaza spishi mpya ya bakteria aliyoitoa kwenye tope la ziwa. Nilipomwomba anioneshe bakteria mwenyewe, alinigeuzia kompyuta. Mbegu zake, yaani bakteria hai aliowaotesha, zilikuwa zimefia kwenye friza. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi mikono ilinigoma.

Kanuni za kimataifa za majina ya bakteria zinadai mbegu hai ya mfano, iwekwe kwenye benki mbili za vijidudu katika nchi mbili tofauti, na jina lichapishwe au liidhinishwe katika jarida la IJSEM. Bakteria waliokataa kuoteshwa wana njia zao: wapo wanaoitwa Candidatus, jina la muda tu, na tangu 2022 upo utaratibu wa kutoa majina uitwao SeqCode, unaokubali jenomu (maandishi yote ya vinasaba vya bakteria) badala ya mbegu. Lakini wa kijana huyu aliota! Aliachwa akafa.

Tena sina hakika kama bakteria wake alikuwa wa aina moja tu. Hapo ndipo ninapowasihi kuliko pengine popote: safisheni mbegu zenu. Ujanani nilipoteza miezi minane kwa koloni, yaani kundi la bakteria lililoota pamoja, ya manjano iliyong'aa kama tone la asali. Kwenye hadubini niliona vijiti virefu, na katikati yake vidoti vidogo vya mviringo. Nikajiambia ni mabaki ya rangi. Usomaji wa jeni ukatoa vilele viwili vilivyopandana, nikalaumu mashine. Kumbe walikuwa bakteria wawili, na yule mdogo hakuota ila karibu na mwenzake. Kila kipimo nilichokuwa nimeandika kilikuwa cha wawili. Mwalimu wangu hakunigombeza. Alinipa waya na sahani mpya za agari, ile jeli ya kuoteshea: choma waya uwe mwekundu, uache upoe, gusa koloni moja tu, chora mistari, otesha, rudia. Mara tatu kwa uchache, na kila mara utazame kwenye hadubini. Mnachoka? Chokeni, lakini rudieni.

Mengine mnayajua. Jeni ya 16S, ambayo bakteria wote wanayo na ndiyo tunayowalinganishia, yenye herufi kama 1,500, ikifanana na ya ndugu wa karibu kwa chini ya asilimia 98.7, una sababu ya kushuku kwamba ni spishi mpya. Ikizidi hapo, bado hujathibitisha kwamba ni spishi ileile. Jenomu ndiyo mwamuzi: mpaka wa ANI, wastani wa kufanana kwa herufi za jenomu mbili, ni asilimia 95 hadi 96, na wa dDDH, kipimo kingine cha kompyuta cha kulinganisha jenomu, ni 70. Pimeni joto, chumvi, pH, mafuta ya utando na kwinoni (molekuli za utando zinazobeba elektroni), na ndugu wa karibu mumpime kwenye meza hiyohiyo, kwa chakula kilekile. Kibali cha nchi yenye ziwa kitafutwe kabla ya kuchota tope.

Lakini siwalaumu ninyi peke yenu. Sisi wakubwa tumewafundisha kuhesabu makala. Tunamtuza anayetangaza, na yule anayeamka usiku umeme ukikatika kwenda kuokoa friza hatumjui hata jina. Vyuo vinanunua mashine za kusoma jeni, vinasahau gliseroli ya kuhifadhia mbegu. Hii ni aibu yetu.

Kijana yule, mwanangu, najua unasoma. Tope lako lililobaki bado lipo kwenye friji, rafu ya chini, nimeliona. Jumatatu asubuhi nitakuwa maabara. Waya ninao.