Mshahara wa kuomba Ujerumani: barua kwa Mwanaisha

Frankfurt, Agosti 2025

Mpendwa Mwanaisha,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa wote hapo nyumbani Tanga. Swali lako nimelipata, na nimeona nikujibu kwa barua kwa sababu ujumbe wa simu hautatosha. Unaomba kazi ya uchambuzi wa hesabu, tangazo linataka utaje mshahara unaoutarajia, na wewe unafikiria kuandika euro 38,000 kwa mwaka ili wasikuone ghali. Tafadhali usiandike hivyo. Kwa anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya, kujishusha bei hakumwongezei nafasi, na kunaweza kumkosesha hata viza.

Nieleze. Njia nyepesi kwako ni kibali kinachoitwa Blaue Karte EU. Mwaka huu wa 2025 kinataka mkataba wa angalau euro 48,300 kwa mwaka kabla ya makato. Kipo kiwango cha chini zaidi, euro 43,759.80, lakini hicho ni cha fani zenye uhaba kama uhandisi, udaktari na teknolojia ya habari, au cha mtu aliyemaliza chuo ndani ya miaka 3 iliyopita. Uhasibu haumo kwenye fani hizo, na wewe umehitimu zamani. Ipo pia viza ya kawaida ya mfanyakazi mwenye shahada, ambayo kwa umri wako haina kiwango kilichopangwa (waliotimiza miaka 45 wao wana chao). Huko sasa ndiko mshahara mdogo unakoumiza: ofisi ya ajira ya serikali, Bundesagentur für Arbeit, huuchukua mkataba wako na kuulinganisha na malipo ya Wajerumani wanaofanya kazi ya aina hiyo mahali hapo. Wakiona unalipwa chini ya wenzako, hawatoi ridhaa. Mwajiri anayejua mambo akiona 38,000 anajua papo hapo kuwa karatasi zako zitakwama.

Viwango hivi hubadilika kila Januari, kwa sababu vimefungwa kwenye kikomo cha mshahara unaokatwa mchango wa pensheni: 48,300 ni nusu kamili ya 96,600. Kwa hiyo kama utasaini mwishoni mwa mwaka, usisaini euro 48,300 kamili. Viza ikichelewa mpaka Januari, mkataba utakuwa umeachwa chini ya mstari. Na bonasi isiyo na uhakika haihesabiwi kwenye kiwango hicho. Kinachotazamwa ni mshahara ambao mkataba unauhakikisha.

Shahada yako nayo itafute mapema kwenye kanzidata ya anabin. Chuo kinatakiwa kiwe na alama ya H+, na shahada yenyewe iwe imetajwa kuwa inalingana na ya Ujerumani. Ukikuta chuo kipo lakini shahada haipo, itabidi uombe tathmini ya cheti kwa ofisi ya ZAB, ada yake euro 208. Cheti chako cha uhasibu, CPA(T), kitakusaidia kwenye usaili, ila kwa viza hakishiki nafasi ya shahada. Kazi ya uchambuzi wa hesabu haihitaji leseni, lakini usijiite Steuerberater (mshauri wa kodi) wala Wirtschaftsprüfer (mkaguzi wa hesabu) kwenye wasifu wako. Ni vyeo vinavyolindwa na sheria.

Sasa kiasi chenyewe. Kwa uzoefu wako, yaani kufunga hesabu za mwezi, kulinganisha leja kuu na taarifa za benki, kutumia SAP (programu ya hesabu za kampuni), na Kijerumani cha B1 (kiwango cha kati), mimi ningeandika 54,000 kwa Frankfurt. Kwa München ningepanda hadi 57,000, maana kodi ya nyumba kule inatisha. Kwa Leipzig ningekubali 50,000. Huo ni ushauri wangu, nawe uupime: fungua Entgeltatlas, tovuti ya mishahara ya Bundesagentur, chagua fani na jimbo, utaona mshahara wa katikati pamoja na robo ya chini na robo ya juu. Ukijikuta unaomba chini ya robo ya chini, umejipunja.

Kabla ya hapo hakikisha kazi ni ile unayoidhania. Neno analyst (mchambuzi) limezagaa kwenye matangazo. Moja linamtaka mtu wa leja na mizania, lingine linamtaka wa hesabu za mifuko ya uwekezaji, lingine ni mtu wa kufuatilia mauzo kwa wateja wakubwa, na huyu wa mwisho sehemu ya malipo yake hupanda na kushuka kulingana na mauzo. Soma majukumu, cheo kiache. Ukiona HGB na IFRS pamoja, wanataka mtu anayeweza kufunga hesabu kwa sheria ya Ujerumani na kwa viwango vya kimataifa, na hapo thamani yako inapanda. Kama unaweza kusafisha akaunti ya mizigo iliyopokelewa lakini ankara haijafika, ile ambayo mabaki yake hurundikana miezi na miezi hadi wakaguzi wanakuja juu, sema hivyo kwa maneno hayohayo kwenye barua ya maombi. Meneja yeyote wa uhasibu anaujua mzigo huo, na atakukumbuka.

Namna ya kuandika: sentensi moja tu, mwishoni mwa barua, pamoja na tarehe unayoweza kuanza. "Meine Gehaltsvorstellung liegt bei 54.000 Euro brutto im Jahr." Yaani, mshahara ninaoutarajia ni euro 54,000 kwa mwaka kabla ya makato. Angalia ile nukta, Wajerumani hutenganisha maelfu kwa nukta na senti kwa mkato, kinyume chetu. Taja mwaka, usitaje mwezi, na taja kabla ya makato. Kwenye fomu za mtandaoni kisanduku mara nyingi hakisemi ni mwezi au mwaka: jaza ya mwaka. Usiandike kuanzia kiasi fulani hadi kiasi fulani, kwa sababu macho yao yatatua kwenye ile namba ndogo. Na tangazo likiuliza nawe ukanyamaza, au ukaandika kuwa mtaelewana, maombi yanaweza kuhesabiwa hayajakamilika.

Ukiulizwa kwenye usaili unalipwa kiasi gani sasa, usiubadilishe mshahara wa Tanga kuwa euro. Rudi kwenye namba yako na majukumu ya kazi. Ipo sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu uwazi wa mishahara, ambayo nchi wanachama zinatakiwa kuiingiza kwenye sheria zao kufikia tarehe 7 Juni 2026. Inamtaka mwajiri akwambie kiwango cha mshahara mapema, na inamkataza kuuliza ulikuwa ukilipwa nini. Mpaka hapo swali hilo utalisikia.

Jambo linalowachanganya wengi ni idadi ya mishahara kwa mwaka. Euro 54,000 zikigawanywa mara 12 ni 4,500 kwa mwezi, zikigawanywa mara 13 ni karibu 4,154. Mabenki mengi na viwanda vingi hulipa mshahara wa 13, kawaida mwezi Novemba au Desemba. Kwa hiyo wakikutajia kiasi cha mwezi, uliza ni mara ngapi kwa mwaka. Uliza pia saa za kazi. Kwenye viwanda vya chuma na umeme vilivyo chini ya makubaliano ya chama cha IG Metall, sehemu za magharibi, wiki kamili ni saa 35. Kampuni ndogo isiyo na makubaliano itakupa 40. Euro 54,000 kwa wiki ya saa 40 ni kama 25.96 kwa saa. Kwa wiki ya saa 35 ni 29.67. Na kampuni ikiwa chini ya makubaliano ya vyama, hampatani kiasi, mnapatana daraja. Swali lako liwe: kazi hii imewekwa daraja gani? Hapo ndipo pa kushindania, kwa kuonyesha kuwa majukumu ni ya daraja la juu.

Makato nayo ukiyaona usishtuke. Uyazoee tangu sasa. Chukua euro 4,400 kwa mwezi, mtu asiye na mtoto, Steuerklasse (daraja la kodi) I, asiyelipa kodi ya kanisa. Bima ya afya itakata 376.20, kama bima uliyochagua inatoza nyongeza ya wastani ya mwaka huu wa 2025 ambayo ni asilimia 2.5. Pensheni 409.20. Bima ya kukosa kazi 57.20. Bima ya matunzo ya uzeeni na ugonjwa wa muda mrefu 105.60. Jumla 948.20 kabla hata kodi haijaguswa. Kodi ya mapato ni karibu 637. Mkononi zinabaki kama euro 2,815. Kwa 4,000 kwa mwezi zinabaki karibu 2,600. Angalia hapo: nyongeza ya 400 kwenye mkataba inakuletea kama 215 mfukoni, basi usipime ofa kwa namba ya juu peke yake.

Wewe una mwanao Salim, na hilo lina thamani ya pesa. Ile 105.60 inajumuisha nyongeza ya wasio na watoto. Peleka kwa mwajiri cheti chake cha kuzaliwa kilichotafsiriwa, hata kama mtoto bado yuko Tanga, itashuka hadi 79.20. Mume wako naye maadamu yuko Tanzania, utakuwa Steuerklasse I kama mtu asiye na mwenzi. Akihamia na kujiandikisha, mnaweza kuomba wewe uwe III na yeye V. Kama hana kipato, kodi yako ya mwezi inapungua kwa zaidi ya euro 300. Pesa unazomtumia nyumbani unaweza kuzidai kiasi kwenye marejesho ya kodi, ila kuanzia mwaka huu wa 2025 fedha hizo lazima ziwe zimehamishwa benki kwenda kwenye akaunti ya anayetunzwa mwenyewe. Za kupitishia mkononi kwa msafiri hazikubaliwi tena.

Kodi ya kanisa wewe haikuhusu. Siku ya kujiandikisha makazi utakuta sehemu ya dini kwenye fomu. Wanaojaza kuwa ni Wakatoliki au Waprotestanti hukatwa asilimia 8 au 9 ya kodi yao ya mapato kutegemea jimbo, na wengi hawajui hadi waone hati ya mshahara. Mwambie Grace, maana nasikia naye anaomba.

Kujiandikisha huko usikuahirishe hata wiki moja. Namba yako ya kodi hutumwa kwa posta baada ya hapo. Mwajiri asipoipata anaweza kulazimika kukukata kwa Steuerklasse VI, daraja la makato makubwa kuliko yote. Hurekebishwa baadaye, lakini mwezi wa kwanza ndio unaodaiwa dhamana ya nyumba, na dhamana inaweza kufika kodi ya nyumba ya miezi 3. Kwenye matangazo ya nyumba, namba kubwa inayoonekana mara nyingi ni Kaltmiete, kodi tupu, bado joto na huduma nyingine.

Wakikupa ofa chini ya uliyoomba, shukuru, omba siku mbili tatu za kufikiri. Hilo ni jambo la kawaida. Kama hawana namna ya kupanda, shindania mengine: mshahara kupitiwa upya baada ya miezi 6 ya majaribio, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba (ahadi ya mdomo huondoka na aliyeitoa), gharama za viza, ndege na kuhama, kozi ya Kijerumani, tiketi ya usafiri, ambayo mwaka huu wa 2025 kwa nchi nzima ni euro 58 kwa mwezi. Likizo ya kisheria ni siku 20 kwa wiki ya siku 5, lakini kampuni nyingi hutoa 28 hadi 30, basi usikubali 24 bila kuuliza.

Kwenye mkataba soma sehemu mbili kwa makini. Moja ni saa za ziada. Sentensi inayosema kuwa saa zote za ziada zimeshalipwa ndani ya mshahara ni mbaya kwa mtu wa hesabu, kwa sababu siku za kufunga mwezi ndizo zinazotuweka ofisini hadi usiku. Mahakama kuu ya kazi imeshawahi kuikataa sentensi ya jumla kama hiyo kwa kutokuwa wazi. Waombe waandike idadi, mfano saa 10 kwa mwezi, zinazozidi zifidiwe. Nyingine ni urejeshaji wa gharama za kuhama: wakikulipia, huwa wanaweka sharti kuwa ukiondoka mapema utazirudisha. Hakikisha deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, na kwamba hulipi kitu kama wao ndio waliokuachisha.

Rekebisha barua yako ya maombi, kisha nitumie pamoja na tangazo lenyewe kabla hujabonyeza kutuma. Rasimu ya mkataba ikija, nayo nitumie, kurasa zote, hata viambatisho. Kijerumani cha mikataba kinachosha, tutakisoma pamoja kwa simu. Jumapili jioni huwa nina nafasi.

Nisalimie Salim na baba yake.

Wako,
Rukia