Kabla ya kupandisha kasi ya kadi ya michoro, tazameni joto la chumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwafikie vijana wanaocheza gemu na kuhariri video kwa kompyuta za mezani, pamoja na mafundi wenzangu, kuhusu kazi ninayoombwa karibu kila juma: kupandisha kasi ya kadi ya michoro (kifaa kinachotengeneza picha za kwenye kioo cha kompyuta) ya bei ya kati ipite ile iliyowekewa kiwandani.

Siipingi kazi hiyo. Mtu aliyejinyima miezi kadhaa akanunua GeForce GTX 1060 iliyotumika ana haki ya kuikamua yote iliyonayo, maana kadi mpya iko mbali na mfuko wake. Kinachonisikitisha ni namna inavyofanywa. Kijana anatazama video iliyorekodiwa Ulaya au Marekani, ananakili namba za huko kama zilivyo, kisha anazipachika kwenye kadi iliyomo katika chumba cha bati Mbagala, mwezi wa Februari, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi.

Namba hizo haziwezi kuhamishwa hivihivi. Feni na hitisinki, yaani chuma chenye mapezi kinachonyonya joto la chipu, haziishushi chipu chini ya joto la hewa inayoizunguka. Kazi yake ni kuizuia isipande mno juu ya hewa hiyo. Kadi inayotulia kwenye nyuzi 70 ndani ya chumba chenye nyuzi 21 itasogea hadi 82 hapa kwetu chumba kikiwa na nyuzi 33, kabla mtu hajagusa chochote. Na GTX 1060, iliyotoka Julai 2016, imeundwa ijipunguzie kasi yenyewe inapofika kwenye nyuzi 83. Kiwandani imeandikiwa MHz (megahezi, kipimo cha kasi ya chipu) 1506 za kuanzia na 1708 za kupandia, lakini ikipata ubaridi huvuka 1800 bila kuamriwa na mtu. Kwa hiyo anayeiongezea MHz 150 huku inawaka moto hufurahia namba kubwa kwenye kioo kwa dakika chache, halafu kadi inaanza kujishusha ngazi kwa ngazi.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea kadi aliyouziwa kwa sifa kwamba imeshapandishwa kasi. Nilipofungua skrubu nne za nyuma na kunyanyua hitisinki, nilikuta pesti inayopitisha joto kutoka kwenye chipu hadi kwenye hitisinki imekauka na kubanduka vipande kama chokaa ya ukuta, na katikati ya mapezi ya alumini vumbi limeshikamana kama sufi ya mto. Hatukugusa programu yoyote. Tulisafisha, tukapaka pesti mpya kiasi cha punje ya mbaazi, tukairudisha. Kwa gemu lilelile na chumba kilekile, joto lilishuka kutoka nyuzi 83 hadi 72, na kasi ikapanda yenyewe kutoka MHz 1721 hadi 1873. Kijana alizitazama namba hizo kwa muda, kisha akaniuliza kwa nini muuzaji hakumwambia.

Baada ya hapo ndipo tulipoanza kupandisha. Mimi huanza na kumbukumbu, kwa hatua ndogondogo, kwa kuwa njia yake ya kupitishia data katika kadi hii ni ya biti 192 tu: ikitoka gigabiti 8 hadi 9 kwa sekunde kwa kila biti ya njia hiyo, data inayopita huongezeka kutoka gigabaiti 192 hadi 216 kwa sekunde. Hapa wengi hujidanganya. Kumbukumbu ya aina ya GDDR5 hutambua makosa na kutuma data upya, hivyo ukiisukuma kupita kiasi huoni vidoti vya rangi kwenye kioo mara moja. Unachoona, ukipima, ni fremu (picha zinazoonyeshwa kila sekunde) zinazopungua wakati kasi imeandikwa kubwa zaidi. Ndiyo maana kila hatua lazima ipimwe kwa fremu.

Kuhusu volti, nawasihi mafundi wenzangu waache kuvuta kila kitelezi cha programu hadi mwisho kwa dakika 10 na kumtoza mtoto wa watu fedha. Umeme unaoliwa na chipu hukua kwa mraba wa volti. Ukiishusha kutoka volti 1.05 hadi 0.95 kwa kasi ileile, unaokoa karibu asilimia 18 ya umeme huo, na joto lake pia. Katika miji yetu ya pwani, kushusha volti mara nyingi kunamfaa mwenye kadi kuliko kuipandisha. Tusisahau pia kwamba kadi hii imepangiwa wati 120, na kwamba tundu la mazabodi pamoja na waya mmoja wa pini 6 vimekadiriwa kutoa wati 150 tu, tena ikiwa pawa saplai ni ya kweli.

Kijana yule aliondoka na fremu 66 pale alipokuwa akipata 58. Niliijaribu kadi yake saa 8 mchana, kwa saa nzima, kwa sababu kadi iliyopita mtihani usiku wa manane haijapita mtihani wa Dar es Salaam.

Wauzaji nao nawaomba jambo moja. Kadi nyingi za aina hii zilichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum, yaani zilipiga hesabu za kuipata, usiku na mchana, na uchimbaji huo ulipokoma Septemba 2022 ziliingia sokoni kwa wingi. Mteja aonyeshwe kadi ikifanya kazi kwa nusu saa, joto likisomeka kwenye kioo, kabla hajatoa fedha.

Fundi wa kompyuta,
Temeke, Dar es Salaam